Mitambo na Maisha: Injini Inayofua Moshi Wake

Pampu za maji tulizoahidi kuzizungumzia juma hili hazina budi kungoja kidogo. Tumepokea barua kutoka kwa askari mmoja wa doria za ziwani, fundi wa injini za mashua, na barua yenyewe yataka jibu la haraka kwa sababu ambazo msomaji ataziona.

Askari huyo anaeleza kwamba shemeji yake ni dereva wa lori la masafa marefu. Lori hilo lina tangi la dizeli kama malori yote, lakini kando yake lina tangi jingine dogo lenye kifuniko cha buluu, na humo shemeji humimina maji fulani meupe yasiyo na rangi, ambayo huyanunua kwa bei inayomuuma. Siku moja walipokuwa mezani shemeji aliwaeleza kwamba maji hayo husafisha moshi wa injini, kwamba meli mpya za ng'ambo nazo hunywa maji ya namna hiyo, na kwamba ndani yake hamna siri kubwa, ni urea tu. Hapo mke wa askari akadakia: urea si ile mbolea? Nusu gunia lake limebaki stoo tangu msimu wa mahindi! Kwa nini basi shemeji azidi kutoa fedha dukani, na hali dawa imo nyumbani?

Sasa jamaa hao wanauliza mambo mawili. Je, ni kweli kwamba kuna meli zinazosafisha moshi wake kwa urea? Na je, nusu gunia lile laweza kukorogwa katika ndoo ya maji na kumiminwa katika lori?

Swali la kwanza jibu lake ni ndiyo. Swali la pili jibu lake ni hapana kabisa, nasi twamwomba mama huyo alirudishe gunia lake stoo kabla shemeji hajafika. Lakini mtu akikatazwa jambo bila kuelezwa sababu, hulijaribu usiku. Kwa hiyo tutaeleza.

Tuanze na chombo kimoja ambacho habari zake tunazijua vizuri. Katika mji wa New York, nchini Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Staten Island, na wakazi wake wengi hufanya kazi ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Manhattan. Kati ya visiwa hivyo vivuko vikubwa vya rangi ya machungwa huenda na kurudi mchana na usiku. Safari ni ya yapata kilomita 8, huchukua dakika 25, na tangu mwaka 1997 abiria hatozwi nauli. Mwezi wa Februari mwaka 2022 kivuko kipya kiliingia kazini katika njia hiyo, nacho kimepewa jina la askari: SSG Michael H. Ollis.

Sajini Ollis alikuwa mwana wa kisiwa hicho. Tarehe 28 Agosti 2013, katika kambi ya Ghazni nchini Afghanistan, adui aliyejifunga mabomu alimkaribia afisa wa jeshi la Poland, Luteni Karol Cierpica, aliyekuwa amejeruhiwa. Ollis akajiweka kati yao. Alikufa akiwa na umri wa miaka 24. Cierpica alipona, na mtoto wa kiume aliyempata baadaye alimwita Michael. Leo wafanyakazi, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni wanavuka maji katika chombo chenye jina la kijana huyo, na wengi wao hapana shaka hawaijui habari yake, kama vile sisi tusivyojua majina mengi tuliyoyabandika katika barabara zetu.

Kivuko hicho kilijengwa Panama City, katika jimbo la Florida. Urefu wake ni yapata mita 97, nacho kinaweza kuchukua abiria 4,500 hivi. Hakina tezi wala omo kwa maana ya kawaida, kwani pande zake mbili zimefanana ili kisihitaji kugeuka kinapofika gatini. Chini kabisa, mahali ambapo abiria hafiki, zimo injini 4 za dizeli, kila moja ya silinda 12, zenye nguvu za jumla zinazokaribia farasi 10,000. Ukoo wa injini hizo unatoka mbali. Katika Vita Kuu ya Pili, meli za Wamarekani za kushushia vifaru ufukoni, zikiwamo zile zilizofika Normandy mwezi wa Juni mwaka 1944, zilisukumwa na injini 2 za silinda 12 za aina iliyoitwa 567. Nambari hiyo ni ujazo wa kila silinda kwa inchi za ujazo. Baadaye ukatoka uzao wa 645, kisha, katika miaka ya 1980, uzao wa 710, ambao ndio uliomo ndani ya kivuko cha Sajini Ollis. Fundi aliyetumikia injini ya mwaka 1944 akiamka leo atazitambua silinda na pistoni. Kitakachomshangaza ni lile sanduku kubwa la chuma lililowekwa katika njia ya moshi kabla moshi haujafika dohanini.

Sanduku hilo linafanya nini? Ili kulielewa hatuna budi kurudi kwanza ndani ya silinda.

Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha katika mji wa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto sana. Kisha mafuta hunyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe kwa joto hilo. Ndiyo maana injini hii ina nguvu na haili mafuta ovyo, na ndiyo maana imeteka bahari yote. Lakini uzuri huo una gharama mbili.

Gharama ya kwanza kila mpishi anaijua. Moto ukikosa hewa ya kutosha, au kuni zikiwa mbichi, jiko hufuka na sufuria huwa nyeusi. Hayo ni masizi, yaani mafuta au kuni ambazo hazikuungua zikaisha. Ndani ya silinda pia zipo sehemu ambapo mafuta hukosa hewa, na hapo masizi huzaliwa. Chembe zake ni ndogo mno, nyingine hazionekani kwa macho, na kwa udogo huo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Gharama ya pili haionekani jikoni kwa sababu hakuna jiko la nyumbani lenye joto la namna hiyo. Hewa tunayovuta, zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni, gesi pole isiyomdhuru mtu wala kusaidia moto. Katika mwali wa dizeli, ambao joto lake hupita nyuzi 2,000 za sentigredi, gesi hiyo pole hulazimishwa kuungana na oksijeni. Ndipo hupatikana oksaidi za naitrojeni, gesi zinazowasha koo na kifua, na ambazo zikipigwa na jua juu ya miji huleta ukungu mchafu unaowaumiza wenye pumu, wazee na watoto.

Sasa tazama fundi alivyokwama. Akitaka kupunguza masizi, aongeze hewa na kuuacha moto uwake kwa ukali. Lakini moto mkali huzaa oksaidi za naitrojeni. Akitaka kupunguza hizo oksaidi, aupoze moto; lakini moto uliopozwa hurudisha masizi na kula mafuta zaidi. Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wakisogea huku na huko kati ya mabaya hayo mawili, na walipofanikiwa kupunguza moja, jingine liliwacheka.

Sheria ndiyo iliyowalazimisha kutafuta njia ya tatu. Mataifa yanayotumia bahari yana mkataba wa kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, uitwao MARPOL, uliotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mwaka 1978. Mwanzoni mkataba huo ulihangaika na mafuta yaliyomwagwa majini na takataka. Hewa ilikumbukwa mwaka 1997, ilipoongezwa sehemu ya sita, nayo ilianza kutumika tarehe 19 Mei 2005. Sehemu hiyo huzipanga injini katika madaraja kulingana na mwaka meli ilipojengwa na mwendo wa injini. Chukua injini inayozunguka mara 900 kwa dakika. Katika daraja la kwanza, la meli za mwaka 2000 na kuendelea, iliruhusiwa kutoa gramu 11.5 hivi za oksaidi za naitrojeni kwa kila kilowati-saa ya kazi. Katika daraja la pili, la mwaka 2011, gramu 9.2. Katika daraja la tatu, linalotakiwa katika maeneo maalumu tu, kama pwani za Marekani ya Kaskazini kwa meli zilizojengwa tangu mwaka 2016, gramu 2.3.

Wamarekani, kwa vyombo vyao wenyewe, walikuwa wamekwisha kwenda mbele zaidi. Mwaka 2008 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilitoa kanuni ambazo kileleni mwake mna daraja la nne. Injini kubwa za kazi, zenye kilowati 600 au zaidi, zilitakiwa kuingia katika daraja hilo hatua kwa hatua kati ya mwaka 2014 na 2017. Kipimo chake ni gramu 1.8 za oksaidi za naitrojeni kwa kilowati-saa, na masizi yasiyozidi sehemu 4 za mia moja za gramu. Injini za kivuko cha Sajini Ollis ni za daraja hilo.

Kushuka kutoka gramu 11 na ushei mpaka chini ya 2 hakuwezekani kwa kukaza skrubu na kurekebisha pampu. Wengine walijaribu kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kuupoza moto, na njia hiyo yafanya kazi. Lakini watengenezaji wengi wa injini za vyombo vya kazi walichagua kusema hivi: tuache moto uwake kwa ukali, upate kumaliza mafuta na masizi yake, kisha tuufue moshi nje ya silinda kabla haujatoka. Sanduku la chuma tulilolitaja ndimo mnamofanyika ufuaji huo, na sabuni yake ndiyo urea.

Akina mama wa nyumbani watatuwia radhi kwa mfano huu, lakini hatujapata ulio bora zaidi. Kila mwenye mtoto kikojozi anaijua ile harufu kali inayochoma macho anapoanua shuka na kulisimamisha godoro asubuhi. Harufu hiyo ni amonia. Mkojo wenyewe ukiwa mpya hauna harufu ya namna ile. Ndani yake mna urea, na vijidudu vikiikuta usiku huivunja na kuifanya amonia. Katika meli kazi ya vijidudu hufanywa na joto. Urea iliyoyeyushwa katika maji hunyunyizwa kama ukungu ndani ya bomba la moshi wa moto, na papo hapo huvunjika kuwa amonia. Kisha moshi na amonia huingia pamoja katika sanduku, ambamo mna matofali yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, yaliyopakwa madini ya kuchochea. Katika vitundu hivyo amonia huzishika oksaidi za naitrojeni na kuzinyang'anya oksijeni yao. Kinachobaki ni naitrojeni pole, ile ile tuliyoivuta tulipoanza, pamoja na mvuke wa maji.

Kwa kila lita 100 za dizeli huhitajika lita chache tu za maji ya urea. Si vingi, lakini chombo hakina budi kubeba tangi lake, pampu yake, nozeli zake na vipima moshi vyake, na sanduku lenyewe linakula nafasi. Ndiyo maana ni rahisi kulipangia mahali katika meli mpya, na ni taabu kulipachika katika meli kuukuu.

Sasa tunafika katika nusu gunia la shemeji.

Urea ya shambani na urea ya injini ni kitu kimoja kwa jina, kama vile maji ya kisima na maji ya sindano yalivyo maji yote mawili. Hakuna daktari atakayechota kisimani akamdunge mgonjwa. Mbolea hutengenezwa ili ifae mahindi. Chembe zake hutiwa dawa ili zisishikane guniani, na ndani yake huwamo mabaki ya utengenezaji ambayo mmea hauyajali. Maji ya bomba au ya ziwa nayo yana chokaa na chumvi. Ukivikoroga pamoja utapata kitu kinachofanana kabisa na kile cha dukani kwa macho, lakini kikifika katika nozeli kitagandisha, na kikifika katika lile sega kitaziba vitundu na kuyalemaza madini. Madini yakishalemaa hayasafishwi kwa brashi. Sega zima hutupwa. Bei yake itamfanya shemeji aikumbuke bei ya yale maji meupe kwa upendo.

Kwa hiyo kuna vipimo vya kimataifa. Maji ya malori yana urea asilimia 32.5, na kipimo chake ni nambari 22241. Ya meli yana asilimia 40, na kipimo chake ni nambari 18611. Pipa lisiloonyesha kipimo chake lisinunuliwe, hata muuzaji akiapa kwa jina la mamaye. Na kwa kuwa nchi zetu ni za joto, yafaa kujua kwamba maji haya huharibika kwa jua. Katika joto lisilopita nyuzi 30 hukaa mwaka mmoja; joto likifika 35 muda huo hupungua kwa nusu. Yasiwekwe katika ndoo ya bati wala chombo cha shaba, kwa sababu huyala madini hayo na kuchafuka nayo. Plastiki safi yafaa. Na jambo la mwisho, ambalo limewagharimu wengi: yasiingie katika tangi la dizeli hata kidogo. Kifuniko kimetiwa rangi ya buluu kwa sababu hiyo.

Askari wetu atauliza: na sisi wa ziwani je? Hapa inatupasa kusema kweli. Mkataba wa MARPOL ulitungwa kwa ajili ya bahari, na hata baharini kifungu chake cha 3 huziacha meli za kivita na vyombo vya serikali visivyo vya biashara, isipokuwa kila nchi yatakiwa ihakikishe kwamba vyombo hivyo vinafuata shabaha ya mkataba kadiri inavyowezekana. Sababu ya kuviacha yaeleweka, kwani hakuna kamanda anayetaka injini ipunguze nguvu katikati ya mapambano kwa kuwa tangi la urea limekauka. Lakini fundi anayesimama chini katika chumba cha injini ana mapafu yale yale aliyo nayo baharia wa meli ya biashara. Mwezi wa Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kwamba huleta saratani kwa binadamu, hasa ya mapafu. Ushahidi ulitoka kwa watu wa kazi wanaouvuta moshi huo miaka mingi, kama wachimba migodi.

Mwandishi wa safu hii alipokuwa kijana alifanya kazi miezi kadhaa katika chumba cha injini cha chombo kimoja cha ziwani. Bomba la moshi lilikuwa na ufa uliofungwa kwa kitambaa na waya. Tulipopanda juu jioni tulipenga kamasi nyeusi, tukacheka, tukaona ndiyo alama ya uanaume. Hakuna aliyecheka nyumbani. Maji ya kufulia ovaroli yalikuwa kama wino, na mtoto aliyekumbatia miguu ya baba yake mlangoni alibaki na masizi shavuni. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia injini za daraja lolote, fundi na azibe ufa wa bomba. Ovaroli ivuliwe nje, isikung'utwe ndani ya nyumba, ifuliwe peke yake na wala si pamoja na nguo za mtoto. Hayo hayahitaji mkataba wa mataifa.

Jambo la pili linaloweza kufanywa hapa petu ni mafuta. Injini inayofua moshi haiwezi kuvumilia salfa nyingi, kwa sababu salfa huungana na amonia na kufanya utando unaonata ndani ya sega. Dizeli ya vyombo vya Marekani ina salfa isiyozidi sehemu 15 katika milioni. Meli za bahari kuu, tangu Januari mwaka 2020, zinaruhusiwa mafuta yenye salfa hadi nusu ya asilimia, ambayo ni sehemu 5,000 katika milioni. Sasa msomaji apate kushangaa kidogo: Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kwamba tangu Januari mwaka 2015 dizeli inayoingizwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Maana yake ni kwamba mafuta yanayofika katika vituo vyetu, kwa upande wa salfa, ni masafi kuliko yale yanayochomwa na meli nyingi kubwa za bahari. Yanapoharibika ni njiani: katika madumu machafu ya ufukoni, katika pipa lililoachwa wazi likanyeshewa, na katika mkono wa mjanja anayechanganya dizeli na mafuta ya taa. Fundi wa doria anayechuja mafuta yake na kukataa dumu lenye shaka amekwisha kupunguza moshi kabla hajanunua kifaa chochote.

La tatu lahusu mwendo. Sega la kuchochea halifanyi kazi likiwa baridi. Lataka moshi wenye joto la nyuzi 300 hivi. Chombo kinachokaa saa nyingi kikiunguruma polepole gatini moshi wake haufikii joto hilo, na urea ikinyunyizwa katika moshi wa uvuguvugu hugeuka kuwa ukoko mweupe bombani. Kivuko cha New York chafaa kwa mashine hii kwa sababu hukata maji safari baada ya safari, kutwa na usiku. Mashua ya doria, ambayo huvizia kimya kwa saa 3 kisha hukimbia kwa dakika 20, ni mgonjwa mwingine kabisa. Anayenunua mashua za namna hiyo na aulize swali hilo kabla ya kutia sahihi.

Tusiimalize habari ya vivuko hivyo kana kwamba upya wake ulimaliza taabu zote. Kivuko cha pili cha aina hiyo, kiitwacho Sandy Ground kwa kumbukumbu ya kijiji cha watu weusi huru kilichoanzishwa kisiwani humo katika karne ya 19, kiliingia kazini mwaka 2022. Tarehe 22 Desemba mwaka huo huo, jioni, kikiwa na abiria 868 na mabaharia 16, kilishika moto katika chumba cha injini. Mabaharia wakatia nanga, na abiria wakahamishiwa katika vyombo vingine. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa Halmashauri ya Usalama wa Usafiri ya Marekani walieleza baadaye chanzo chake. Injini ya dizeli hupelekewa mafuta mengi kuliko inayoyachoma, na yanayozidi hurudi katika tangi kwa bomba lake. Mmoja wa mabaharia alizifunga kwa makosa valvu za bomba la kurudishia. Mafuta yakakosa njia, shinikizo likapanda, yakapasuka na kutoka, na yalipogusa sehemu ya njia ya moshi iliyokuwa wazi na yenye moto mkali, yakawaka.

Mashine ya kufulia moshi haikuwa na lawama katika ajali hiyo. Tumeitaja kwa kuwa chumba cha injini cha siku hizi kina mabomba mengi kuliko cha zamani: ya mafuta, ya maji, ya hewa, na sasa ya urea. Valvu mbili zilizo jirani hufanana usiku. Fundi mwenzetu wa doria tunamshauri apake rangi mabomba ya chombo chake, aandike jina la kila valvu kwa maandishi makubwa, na pale ambapo bomba la moshi liko uchi alivike nguo ya asbesto? La, asbesto tumeiacha kwa madhara yake. Siku hizi hutumika pamba ya mawe au ya kioo. Rangi na pamba hiyo si vitu vya ghali.

Basi, kwa familia iliyotuandikia: nusu gunia lenu lisubiri mvua, lifukiwe kando ya mahindi yakishafika magotini. Shemeji na aendelee kununua maji yake dukani, lakini alisome pipa kwanza na kulitoa juani. Na fundi atuandikie tena akipata nafasi, atueleze kama mashua yake ina ufa katika bomba la moshi, na ameuziba kwa nini.

Juma lijalo, bila kukosa, ni pampu za maji.